UCHAMBUZI: Je, barakoa madukani zilizuia corona au zilitutesa bure?

KWENYE milango ya baadhi ya maduka humu nchini, yapo mabango ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabandua: 'Hakuna barakoa, hakuna huduma'. Rangi imefifia, pembe zimejikunja, na wateja huyapita bila hata kuyatupia jicho. Lakini swali ambalo mabango hayo yalituachia halijafifia.

Je, vitambaa vile tulivyolazimishwa kuvaa kila tulipoingia dukani kununua unga na sukari vilizuia maambukizi, au vilikuwa mzigo mwingine tu uliotwikwa mwananchi?

Kuna watakaosema kwamba hayo yamepita na tugange yajayo. Haya ndiyo yajayo. Mnamo Mei 20, 2025, mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) yaliidhinisha jijini Geneva mkataba kuhusu jinsi ulimwengu utakavyojiandaa kwa majanga ya maradhi. Wanasayansi nao wangali wanaichunga homa ya ndege ya H5N1, ambayo mnamo Machi 2024 iligunduliwa miongoni mwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani. Iwapo patazuka tena maradhi yanayosambaa kwa pumzi, serikali yetu italazimika kuamua katika muda wa siku chache tu ikiwa Wakenya watavaa barakoa madukani au la. Afadhali jambo hili lijadiliwe wakati huu ambapo akili zimetulia.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Wiki tatu baadaye serikali iliagiza kwamba kila aliyetoka nyumbani kwenda mahali pa umma avae barakoa. Kanuni zilizochapishwa mwezi huo wa Aprili chini ya Sheria ya Afya ya Umma zilisema kuwa aliyekaidi angetozwa faini isiyozidi Sh20,000, au afungwe jela kwa muda usiozidi miezi sita, ama apewe adhabu zote mbili. Kwa kibarua wa mjengo au mfanyakazi wa nyumbani, faini hiyo ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima.

Amri hiyo ilidumu karibu miaka miwili. Mnamo Machi 11, 2022, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba haikuwa lazima tena kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi, ingawa waliokutana ndani ya majengo walihimizwa waendelee kuzivaa.

Inafaa kuipa serikali sifa inayostahili katika hatua hii ya mwanzo. Wakati Kenya ilipotoa amri yake, WHO yenyewe haikuwa ikiwashauri watu wenye afya njema kuvaa barakoa hadharani. Nchini Marekani, mkuu wa tabibu za umma, Jerome Adams, alikuwa amewasihi raia mwishoni mwa Februari 2020 waache kununua barakoa. Idara ya afya ya nchi hiyo, CDC, ilibadili msimamo Aprili 3. WHO ilifanya hivyo Juni 5, iliposhauri serikali zihimize wananchi kuvaa barakoa za kitambaa pale maambukizi yameenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali, yakiwemo madukani na kwenye magari ya abiria. Uingereza haikulazimisha barakoa katika maduka ya eneo la England hadi Julai 24, 2020. Sisi tulikuwa mbele yao kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kugeuka huko kwa wakubwa wa afya duniani kulizaa shaka ambayo haijaisha. Mwananchi aliyeambiwa leo kwamba barakoa haina maana kwake, kisha kesho akaambiwa atashtakiwa asipoivaa, ana haki ya kuuliza ni lini alikuwa akidanganywa. Ukweli ni kwamba hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa madaktari na wauguzi kukosa vifaa iwapo raia wangevigombania. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kuivika joho la sayansi, badala ya kumwambia raia waziwazi kwamba barakoa hazitoshi na kwamba wahudumu wa hospitali watangulie.

(Niruhusiwe kidogo hapa, maana sisi wa meza ya usanifu hatuwezi kupita neno bila kulipapasa. Kabla ya 2020, 'barakoa' kwa Waswahili wengi wa pwani lilikuwa vazi la usoni la mwanamke wa Kiarabu wa Oman au Zanzibar, vazi la heshima na la tabaka. Wengine wetu tuliandika 'maski'. Baada ya majuma machache tu ya janga, magazeti na redio za Kenya na Tanzania ziliafikiana kuhusu 'barakoa', na leo hata mtoto wa chekechea analijua. Ni mara chache mno Kiswahili cha nchi hizi mbili kupata istilahi moja upesi namna hiyo bila kikao.)

Tukirejea kwenye hoja yetu, mzozo mwingi kuhusu barakoa hutokana na watu kujibu maswali matatu tofauti kana kwamba ni moja. La kwanza ni la fizikia: je, barakoa huzuia chembechembe zenye virusi? La pili ni la mtu binafsi: je, nikiivaa mimi nitaambukizwa kwa nadra kuliko jirani yangu asiyeivaa? La tatu ni la utawala: je, amri ya kuvaa barakoa madukani hupunguza maradhi katika mji au nchi nzima? Mtu anaweza kujibu 'ndiyo' kwa la kwanza na 'sijaona' kwa la tatu, wala asiwe anajipinga.

Swali la kwanza ndilo jepesi. Mtu anapopumua, kuzungumza, kuimba au kukohoa, hutoa matone ya mate makubwa kwa madogo. Makubwa huanguka chini haraka. Madogo mno huelea hewani kama moshi wa sigara, na katika chumba kisicho na madirisha yanaweza kukaa kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba kirusi kimoja cha corona ni kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya maikroni. Lakini kirusi hakisafiri peke yake. Husafiri ndani ya matone hayo, na matone hunaswa na nyuzi za barakoa.

Tofauti iko katika aina ya barakoa. Ile inayoitwa N95 imeundwa inase angalau asilimia 95 ya chembechembe za ukubwa ulio mgumu zaidi kunaswa, na hukaa usoni bila kuacha mwanya. Barakoa ya kitabibu, ile ya buluu tuliyoizoea, hunasa vizuri lakini huacha nafasi mashavuni. Ya kitambaa hutegemea kitambaa chenyewe na jinsi kilivyoshonwa. Ile ya wavu iliyopambwa kwa shanga kwa ajili ya harusi tuiache tu.

Sasa tuingie dukani, kwa kuwa duka lina mambo yake.

Mteja wa kawaida katika supamaketi hukaa dakika ishirini au nusu saa. Huzunguka, huchukua mkate na maziwa, hupanga foleni, hulipa, huondoka. Hatari yake si kubwa ikilinganishwa na ya mtu anayeketi saa tatu kanisani watu wakiimba, au anayesafiri usiku kucha ndani ya basi lililofungwa madirisha. Katika jimbo la Washington, Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu hivi mnamo Machi 10, 2020. Kati ya watu 61 waliohudhuria, 53 walibainika au kushukiwa kuambukizwa, na wawili wakafariki. Sijasikia supamaketi iliyofanya hivyo kwa wateja wake kwa jioni moja.

Ila kuna mtu mwingine mle dukani. Keshia huketi mahali pale pale saa nane, tisa, kumi kwa siku. Mbele yake hupita mamia ya watu, kila mmoja akimwinamia kutoa pesa au kusoma nambari ya simu ya M-Pesa. Bawabu wa mlangoni, msichana wa kupanga bidhaa kwenye rafu, kijana wa kupima nyama na anayefunga mboga, wote hao huvuta hewa iliyotolewa na umma mzima.

Huko Boston, Marekani, watafiti waliwapima wafanyakazi 104 wa duka moja la vyakula mnamo Mei 2020. Mmoja kati ya kila watano alikuwa na virusi, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Waliokuwa wakiwahudumia wateja ana kwa ana walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuambukizwa kuliko wenzao wasiokutana na wateja. Utafiti huo ulikuwa mdogo na wa duka moja, hivyo si busara kuujengea ghorofa. Hata hivyo, unaonyesha kile ambacho mijadala yetu ilikisahau, kwamba katika duka anayehitaji kukingwa zaidi ni yule asiyeweza kuondoka.

Ukitazama kwa jicho hilo, swali la mteja, 'barakoa hii itanisaidia nini mimi?', linakuwa limekosewa tangu mwanzo. Barakoa ya mteja humsaidia zaidi keshia.

Kuna mfano mwingine wa Marekani unaotajwa sana. Katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri, wasusi wawili waliokuwa na corona na dalili zake waliwahudumia wateja 139 mnamo Mei 2020. Wasusi na wateja walikuwa wamevaa barakoa. Wateja 67 walikubali kupimwa, na hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa. Habari hiyo inatia moyo, ingawa wengine 72 hawakupimwa, na haijulikani mambo yangekuwaje lau wasusi hao hawangevaa chochote. Kisa kimoja hakiwi ushahidi kamili, hata kikiwa kitamu namna gani.

Kwa ushahidi wa swali la tatu, yaani la amri yenyewe, mfano bora unatoka Ujerumani. Mji wa Jena uliamuru barakoa madukani na kwenye magari ya umma Aprili 6, 2020, takriban majuma matatu kabla ya maeneo mengine mengi ya nchi hiyo. Wataalamu wa uchumi walilinganisha Jena na miji mingine iliyofanana nayo, kisha wakatazama pia maeneo mengine yaliyotangulia au kuchelewa. Walikadiria kwamba barakoa zilipunguza kasi ya ongezeko la maambukizi kwa karibu asilimia 47, na kwamba idadi ya visa vipya ilishuka kwa kati ya asilimia 15 na 75 katika siku 20, kutegemea eneo.

Pengo la kati ya 15 na 75 ni pana mno. Mwanasiasa anayetaka kusifu barakoa atataja 75, na anayezichukia atataja 15. Isitoshe, mji unaojitokeza wa kwanza kutoa amri kama hiyo huenda una wakazi walioanza kujihadhari mapema kwa njia nyingine. Hilo haliufanyi utafiti kuwa batili, ila linatuzuia kuapa kwa jina lake.

Kuna njia ya kuondoa shaka hiyo, nayo ni kupiga kura: watu au vijiji vigawanywe kwa bahati nasibu, kundi moja lipewe barakoa, jingine lisipewe, kisha walinganishwe. Utafiti wa namna hiyo ulifanywa nchini Denmark katika machipuko ya 2020, ukihusisha watu wapatao 6,000. Waliopewa barakoa za kitabibu na kushauriwa wazivae nje ya nyumba, asilimia 1.8 waliambukizwa. Wasiopewa, asilimia 2.1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu.

Waliopinga barakoa walishangilia. Lakini Denmark wakati huo ilikuwa na maambukizi machache, raia wake wengi hawakuvaa barakoa, na waliopewa hawakuzivaa wote inavyotakikana. La muhimu zaidi, utafiti huo ulipima kama barakoa humlinda anayeivaa. Haukupima kabisa kama humlinda aliye mbele yake, na tumeona kwamba dukani hilo ndilo lenye uzito.

Utafiti uliokaribia hali yetu zaidi ulifanywa Bangladesh, kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021. Ulihusisha vijiji 600 na zaidi ya watu wazima 340,000. Nusu ya vijiji vilipewa barakoa bila malipo, na watu walihimizwa sokoni, misikitini na barabarani na viongozi wao, pasipo rungu wala faini. Uvaaji uliongezeka kutoka asilimia 13 hadi 42.

Katika vijiji hivyo, idadi ya waliokuwa na dalili na kuthibitishwa kwa kipimo cha damu ilikuwa chini kwa karibu asilimia 9.5. Palipogawanywa barakoa za kitabibu, upungufu ulikuwa asilimia 11, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi ulifika asilimia 35. Palipogawanywa za kitambaa, haikuonekana faida iliyo wazi.

Asilimia kumi si nyingi, msomaji atasema. Ila akumbuke kwamba hata katika vijiji vilivyohimizwa, zaidi ya nusu ya watu hawakuvaa. Wakosoaji nao wana hoja, kwamba wanavijiji waliopewa barakoa pia walianza kusimama mbalimbali zaidi kidogo kuliko wenzao, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kilizaa nini.

Wa karibuni zaidi ni wa Norway, uliochapishwa 2024. Watu wazima zaidi ya 4,600 walipigiwa kura. Kundi moja lilivaa barakoa za kitabibu katika maduka makubwa, barabarani na kwenye magari ya umma kwa siku 14. Asilimia 8.9 walisema walipata dalili za maradhi ya njia ya hewa, dhidi ya asilimia 12.2 katika kundi jingine. Kwa corona yenyewe haikuonekana tofauti. Pia washiriki walijiripoti wenyewe, na anayejua amevaa barakoa anaweza kupuuza kikohozi kidogo.

Nalazimika kugusia pia tathmini ya Cochrane ya Januari 2023, kwa sababu ndiyo inayotupwa mitandaoni kama jiwe kila mjadala huu unapozuka. Wataalamu hao walikusanya majaribio 78 ya njia mbalimbali za kuzuia maradhi ya pumzi na kusema kuwa kuhimiza barakoa katika jamii huenda kunaleta tofauti ndogo au hakuleti kabisa. Magazeti kadha ya ng'ambo yakaandika kwamba barakoa hazifanyi kazi. Mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, ilimbidi atoe taarifa Machi mwaka huo kueleza kwamba hiyo ni tafsiri potofu: majaribio yaliyopo yalishindwa kutoa jibu la uhakika. Kushindwa kupata ushahidi wa kutosha na kuthibitisha kwamba kitu hakina faida ni mambo mawili tofauti, kama vile mahakama kumwachilia mshukiwa kwa kukosa ushahidi si kusema kwamba ng'ombe hakuibwa.

Je, sisi wenyewe tulizivaa vipi? Hapa pana uchungu kidogo. Watafiti waliwapigia simu wakazi wa mashambani magharibi mwa Kenya na kuwauliza kama huvaa barakoa hadharani. Takriban tisa kati ya kila kumi walijibu kwamba huvaa. Kisha watafiti wakaenda kuhesabu kwa macho. Takriban tisa kati ya kila kumi hawakuwa wamezivaa ipasavyo.

Mijini tulikuwa na mtindo wetu. Kulikuwa na barakoa ya kidevuni, ya mfukoni, na ya mlangoni, yaani inayovaliwa bawabu akitazama na kushushwa mara mteja anapofika kwenye rafu ya kwanza. Wengi walivaa barakoa moja ya kutupwa kwa wiki nzima hadi ikawa na rangi ya vumbi. Usiwacheke. Mwanzoni barakoa moja ilifika Sh50, hata Sh100 katika baadhi ya maduka ya dawa, kabla ya bei kuporomoka hadi Sh10. Familia ya watu sita yenye kula kwa Sh300 kwa siku haingeweza kufuata ushauri wa kubadilisha kila siku. Na wakati huo huo, Mamlaka ya Kusambaza Dawa na Vifaa vya Matibabu (KEMSA) ilikuwa imegubikwa na kashfa ya ununuzi wa vifaa vya corona iliyoishia mbele ya kamati za Bunge.

Matokeo yalionekana kwenye damu. Wanasayansi wa KEMRI na Wellcome Trust walichunguza damu iliyotolewa na wahisani 3,098 kati ya Aprili 30 na Juni 16, 2020. Walikadiria kuwa asilimia 4.3 ya Wakenya wa umri uliochunguzwa walikuwa tayari wameambukizwa. Mombasa ilikuwa asilimia 8, Nairobi 7.3. Hiyo ni zaidi ya watu milioni moja, ilhali kufikia katikati ya Juni serikali ilikuwa imethibitisha visa visivyofika 4,000. Yote hayo yalitokea kukiwa na amri ya barakoa, kafyu na mabango mlangoni.

Wengine hupenda kulinganisha na Tanzania, ambako Hayati Rais John Magufuli hakulazimisha barakoa, kisha mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, akaanza kuivaa na kuihimiza mnamo 2021. Ulinganisho huo hauna miguu. Tanzania ilikoma kutangaza takwimu baada ya visa 509 mapema Mei 2020. Huwezi kupima uzito wa mizigo miwili ikiwa mmoja haukupandishwa kwenye mizani.

Kosa letu kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutotenganisha mahali. Amri ilikuwa moja kwa mama mboga wa kando ya barabara, ambaye upepo humpiga pande zote, na kwa supamaketi ya chini ya ardhi isiyo na dirisha. Duka la rejareja la mtaani, lile la nondo na wavu wa chuma ambapo mteja husimama nje na kunyoosha mkono, tayari lilikuwa na kinga ambayo maduka ya Ulaya yalilazimika kuinunua kwa kuweka vioo vya plastiki. Polisi hawakuingia kwenye supamaketi kukagua hewa. Waliwavizia watembea kwa miguu kwenye hewa safi, wakawasomba na kuwarundika ndani ya malori na seli. Ikiwa lengo lilikuwa kuzuia watu kupumuliana, sijui ni akili gani iliyobuni dawa hiyo.

Kadhalika tulitumia nguvu nyingi kwenye kunyunyizia dawa vikapu na kupima joto kwenye paji la uso. Mnamo Aprili 2021, CDC ilisema uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali penye virusi kwa kawaida ni chini ya mara moja katika 10,000. Kunawa mikono ni kuzuri kwa maradhi mengine mengi, kikiwemo kipindupindu ambacho hakijatuacha. Lakini hakuna duka lililowahi kuamriwa lifungue mlango wa nyuma ili hewa ipite, jambo ambalo halingegharimu hata senti.

Sasa, jibu. Naamini barakoa madukani husaidia, kwa kiasi, chini ya masharti. Maradhi yawe yanaenea wakati huo. Mahali pawe pamefungwa. Barakoa iwe ya kitabibu au bora zaidi, na ifunike pua. Hapo hupunguza hatari bila kuimaliza, na gharama yake ni ndogo kuliko kufunga biashara. Nje ya masharti hayo, hasa katika soko la wazi, amri ya jinai ilituletea rushwa na virungu kuliko afya. Anayesema barakoa zingetukomboa na anayesema zilikuwa ushirikina, wote wawili wameruka kurasa walizopaswa kuzisoma.

Likija janga jingine, barakoa za kwanza baada ya hospitali zipelekwe kwa makeshia, mabawabu na wapangaji bidhaa, na ziwe za aina ya N95. Mteja aombwe avae, apewe mlangoni kama hana. Viwanda vipo: Rivatex ya Eldoret na kile cha nguo cha kaunti ya Kitui vilishona barakoa kwa maelfu mwaka wa 2020, na wataalamu wetu wanaweza kupima mapema ni kitambaa kipi cha humu nchini kinachonasa na kipi ni pambo. Vyuo vikuu navyo viwe na utafiti wa kura ulioandaliwa kabisa, unaosubiri tu kuanzishwa, ili safari hiyo tusitegemee vijiji vya Bangladesh kujua yanayotokea Gikomba.

Litabaki suala la malipo, na hapa sheria haihitaji kubuniwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na hatari za kazini. Makeshia wengi wa 2020 walijinunulia barakoa zao kwa Sh50, wakavaa moja kwa siku tatu, na hatukusikia mwajiri aliyefikishwa kortini kwa hilo. Waliofikishwa kortini walikuwa wateja.